Beni: Siku 30 ambazo hazijaisha

Mwalimu wa elimu ya uraia katika shule moja ya mjini Beni anaogopa somo moja tu kwa mwaka: somo la katiba, kifungu cha 144. Kila mwaka anakiandika ubaoni kwa chaki. Kinasema kwamba «état de siège», yaani utawala wa kijeshi kama wakaaji wanavyouita, unadumu siku 30. Zikipita, Bunge la taifa na Seneti wanaweza kuuongeza kwa siku 15, halafu 15 tena. Na kila mwaka kuna mtoto anayenyoosha mkono.

Mwaka 2025, aliyenyoosha mkono alikuwa kijana wa mwaka wa nne aliyekuwa akijiandaa kwa Exetat.

«Mwalimu, hizo siku 30 zilianza lini?»

«Tarehe 6 Mei 2021.»

Kijana akachukua Bic, akapiga hesabu pembeni ya daftari. Kutoka siku hiyo hadi tarehe 6 Mei 2025 ni siku 1461. Ondoa 30, gawanya kwa 15. «Ni mara 95, Mwalimu. Wameongeza mara 95?»

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka, kwa sababu anamkumbuka kijana huyo tangu darasa la nane. Mwezi wa nne mwaka 2021, wanafunzi wa Beni waliacha masomo, wakaenda kuketi na kulala kwenye ua wa mairie. Walikuwa wakidai amani na kumtaka Rais aje ajionee mwenyewe. Mauaji katika eneo la Beni yalikuwa yameanza Oktoba 2014, na watoto wengi wa darasa hilo hawakukumbuka maisha ya kabla ya hapo. Kijana huyo alikuwa kwenye ua ule. Baba yake alikuwa amekwisha kuuawa shambani, kwenye miti yao ya kakao.

Polisi waliwatawanya watoto wale. Siku chache baadaye Rais Félix Tshisekedi alitangaza utawala wa kijeshi kwa majimbo mawili, Kivu ya Kaskazini na Ituri. Mwalimu alifurahi. Aliporudi darasani alisema maneno ambayo mpaka leo yanamrudia usiku: «Wanangu, siku 30 ni chache. Tuvumilie.»

Wengi walifikiri kama yeye. Mtu anayezika kila wiki haulizi sana juu ya katiba. Luteni Jenerali Constant Ndima akaja Goma kuongoza Kivu ya Kaskazini, na Luteni Jenerali Johnny Luboya akaenda Bunia kuongoza Ituri. Makamu wao walitoka polisi. Mameya na wasimamizi wa maeneo wakawapisha watu wenye magwanda. Mabunge ya majimbo yakasimamishwa. Kesi za jinai zikatoka kwa mahakama za kiraia, zikaenda kwa mahakama za kijeshi, hata kama mshitakiwa hajawahi kushika bunduki.

Hapo ndipo somo la uraia lilipoanza kuwa gumu. Katika kifungu cha 198, katiba inasema gavana anachaguliwa na wabunge wa jimbo, nao wabunge wa jimbo wanachaguliwa na wananchi. Ni ngazi, na mwalimu huichora hivyo ubaoni: raia chini, mbunge katikati, gavana juu. Gavana akikosea, wabunge wanamwita na kumuuliza. Chini ya utawala wa kijeshi ngazi hiyo imevunjwa katikati. Gavana anateuliwa na Rais na anamjibu Rais. Barabara ikiharibika au kituo cha ushuru kikizidisha, raia wa Beni hana mbunge wa jimbo wa kumpelekea neno. Anabaki kutazama Kinshasa, zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano, na Kinshasa ndiyo inayoongeza siku.

Kuongeza siku kumegeuka desturi. Bunge linapiga kura. Likienda likizo, linaipa serikali ruhusa ya kuongeza yenyewe. Wabunge wa taifa waliochaguliwa katika majimbo haya mawili walipinga mara nyingi, na wakati mmoja walisusia mijadala hiyo. Lakini ni wachache mbele ya wabunge mia tano, na wenzao wengi wanatoka majimbo ambayo gavana wao ni raia na usiku wao una usingizi. Hivyo watu wasioishi chini ya amri ya jeshi ndio wanaoamua muda ambao wengine wataishi chini yake.

Walioipinga mitaani waliona gharama. Novemba 2021 vijana wa LUCHA waliandamana hapa Beni kupinga kuongezwa kwa siku hizo. Wakakamatwa, na tarehe 1 Aprili 2022 mahakama ya kijeshi iliwahukumu 12 kati yao kifungo cha mwaka mmoja. Tangu siku hiyo mwalimu alianza kufunga mlango wa darasa anapofundisha kifungu cha 144. Hakuna aliyemwamuru. Anasema mkono wake ulianza tu wenyewe.

Baada ya somo la hesabu ya mara 95, mama ya kijana alikuja shuleni. Mwalimu alidhani anakuja kulalamika kwamba mtoto anafundishwa siasa. Mama hakuja juu ya hilo. Alitaka kujua kama mtoto atafaulu. Lakini walipoketi, mazungumzo yakafika palepale.

«Mwalimu, mimi siulizi gavana amevaa nini,» mama alisema. «Avae suruali ya kijeshi, avae koti na tai. Mimi nauliza kama nitafika shambani na kurudi. Kakao inaiva, wezi wanavuna, mimi niko mjini napanga nyumba.»

Mwalimu akamuuliza: «Na sasa, Mama, unafika?»

Mama alinyamaza kidogo. Alikumbuka bomu lililolipuka kanisani Kasindi, Januari 2023. Alikumbuka Juni 2024, makumi ya watu walipouawa katika vijiji vya Masala, Mapasana na Mahini. Jeshi la Uganda lilikuwa limeingia tangu Novemba 2021 kusaidiana na jeshi letu, na kuna njia ambazo zilifunguka tena. Mama mwenyewe alikubali hilo. Lakini shamba lake liko upande ambao haujafunguka.

«Sifiki,» akasema.

«Basi nani unamuuliza?»

Mama hakuwa na jibu. Mwalimu naye hakuwa nalo.

Kinshasa yenyewe imewahi kukubali kwamba kuna shida. Agosti 2023 iliita mkutano wa meza ya duara, na wengi waliokuja kutoka majimbo haya waliomba utawala wa kijeshi uondolewe. Mwisho wa mwezi huohuo makumi ya raia waliuawa Goma kwa risasi za wanajeshi, na gavana Ndima akaitwa Kinshasa. Oktoba Rais alitangaza kwamba utawala huo utalegezwa hatua kwa hatua. Desemba wananchi wakapiga kura, isipokuwa Masisi na Rutshuru ambako vita viliwazuia. Lakini majimbo mengine yalipochagua magavana wao mwaka 2024, Kivu ya Kaskazini na Ituri hayakuchagua. Gavana Peter Cirimwami, jenerali aliyeshika nafasi ya Ndima, aliuawa kwenye uwanja wa mapigano Januari 2025. Siku chache baadaye Goma ilianguka mikononi mwa M23, na gavana mpya, jenerali tena, Évariste Somo Kakule, akaja kufanya kazi hapahapa Beni.

Sasa gavana yuko karibu, na bado ngazi haijarekebishwa.

Wiki iliyofuata mwalimu aliingia darasani, akaandika ubaoni vifungu viwili, cha 144 na cha 198, kimoja chini ya kingine. Akamgeukia yule kijana mbele ya wenzake.

«Mwaka 2021 niliwaambia siku 30 ni chache,» alisema. «Nilikosea, na ninawaomba radhi. Mwanajeshi anaweza kulinda nyumba yenu, na akiilinda tutamshukuru. Lakini hata mlinzi mzuri lazima awe na mtu wa kumuuliza amelalaje usiku. Mtu huyo ni ninyi, kwa njia ya mliyemchagua. Msisahau hilo siku ya Exetat, wala baada yake.»

Kijana aliandika maneno hayo kwenye daftari, chini ya hesabu yake ya mara 95. Siku hiyo mwalimu alifundisha mlango ukiwa wazi.