Msaada Utiwao Hazinani: Tuupimeje?

Sisi tuliosomea ualimu tulijifunza mapema kwamba kuhesabu vitabu vilivyogawiwa darasani si kujua kama watoto wanasoma. Kanuni hiyo yafaa pia kwa msaada ambao nchi tajiri huutia moja kwa moja katika hazina ya nchi maskini. Msaada huo hauna kibao cha mfadhili, kama kilivyo nacho kisima au zahanati. Huchanganyika na kodi za wananchi, kisha serikali huutumia kwa bajeti yake.

Tuiangalie Msumbiji. Vita vilikwisha mwaka 1992, na wafadhili wakaleta miradi mingi, kila mmoja na hesabu zake. Mwaka 2004 wengi wao walitia sahihi mapatano na serikali: fedha zipitie hazinani, na kila mwaka pande zote zipime maendeleo kwa pamoja. Tathmini ya nchi saba, Msumbiji ikiwamo, iliyotolewa mwaka 2006, ilikuta kwamba msaada wa namna hii ulisaidia kupanua huduma za elimu na afya na kuimarisha usimamizi wa bajeti. Ila haikuweza kuonyesha wazi kwamba ulipunguza umaskini wa kipato.

Takwimu za nchi zinatufundisha zaidi. Mwaka 1996-1997, watu 69 katika kila 100 walihesabiwa kuwa maskini. Mwaka 2002-2003 walikuwa 54. Mwaka 2008-2009, wakati msaada ukiendelea kumiminika, walikuwa karibu 55. Watoto wengi zaidi waliingia shuleni, lakini shamba la mzazi halikuzaa zaidi.

Kisha likaja pigo. Mwaka 2013 na 2014, kampuni tatu zilikopa takriban dola bilioni 2 kwa dhamana ya serikali ambayo Bunge halikuiidhinisha. Sehemu kubwa ya deni hilo ilifichwa hata kwa wafadhili walioketi na serikali kila mwaka. Lilipofichuka mwaka 2016, wafadhili 14 walisimamisha msaada wa bajeti. Thamani ya sarafu ikaanguka, bei zikapanda, na walioumia ni watu ambao hawakuulizwa lolote.

Basi tunaona kwamba kupima msaada hakuishii katika kuuliza kiasi gani kimetolewa, wala madarasa mangapi yamejengwa. Tuulize pia: serikali inajibu kwa nani? Mgeni anayesoma ripoti mjini hawezi kushika nafasi ya mwananchi na mbunge wake. Na adhabu ya mgeni humfikia maskini kabla ya kumfikia mkosaji.

Nasi Kongo, komini na sekta zetu zina bajeti zao. Vijana, iombeni, isomeni pamoja, kisha nendeni mkaone kama dawa zilizoandikwa humo zimefika. Hiyo ni tathmini ambayo hakuna mfadhili atakayeifanya kwa niaba yetu.