Baiti 15 za Siti binti Saad

Wiki hii sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nina hesabu ndogo tu, na inahusu wimbo.

Chukua upande mmoja wa santuri ya zamani, zile nzito zilizokuwa zikizunguka mara 78 kwa dakika. Upande huo unabeba kama dakika 3 za muziki. Ukiuingiza kwenye kompyuta kwa kiwango cha sidii, yaani sampuli 44,100 kila sekunde, baiti 2 kwa kila sampuli, spika moja tu, unapata baiti 15,876,000. Kama megabaiti 16 hivi. Sasa andika jina la mwimbaji: Siti binti Saad. Hesabu herufi pamoja na nafasi mbili za katikati. Ni baiti 15.

Kwa hiyo jina ni kama sehemu moja katika milioni ya faili. Na katika faili nyingi za nyimbo za kale zinazopita mikononi mwangu, hiyo sehemu moja ndiyo iliyopotea. Sauti ipo, jina hakuna.

Naishi Shimoni, tunapotazamana na kisiwa cha Wasini, kusini mwa pwani ya Kenya. Kazi yangu ni kuandika programu, lakini hapa kijijini ukishajulikana kuwa ni mtu wa kompyuta unaletewa kila kitu: simu iliyoingia maji ya chumvi, redio iliyonyamaza, na zaidi ya yote memori kadi. Kadi hizo zimenakiliwa kutoka kadi nyingine, nazo kutoka kaseti za zamani, na ndani yake utakuta Track 01, Track 02, Track 03, msururu mrefu kama wafungwa waliopewa namba.

Bibi mmoja jirani yangu aliniletea kadi ya marehemu mumewe nimtafutie nyimbo alizokuwa akizipenda. Nilipofungua faili ya tatu akainua mkono. "Wacha hapo hapo, mjukuu wangu. Huyo ni Siti."

Nikamwambia, "Lakini bibi, kompyuta inasema anaitwa Track 03."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi hiyo kompyuta yako haijafika Unguja."

Kwa vijana ambao nao hawajafika Unguja, nieleze kidogo. Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, karibu mwaka 1880, katika ukoo wa watu waliopitia utumwa. Alijifunza kwa mama yake kufinyanga vyungu, akawa anavitembeza kuviuza huku sauti yake ikitangulia mbele. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza muziki na kuimba taarab. Wakati ule taarab ya wakubwa iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliimba kwa Kiswahili, mambo ya mtaani yaliyowahusu watu wa mtaani.

Mwaka 1928 kampuni ya HMV ilimsafirisha yeye na wenziwe hadi Bombay, India, wakarekodi. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutoa santuri. Miongoni mwa wapigaji wake alikuwamo Mbaruk, mpiga udi kipofu, mtu wa Mombasa. Kwa hiyo pwani yetu ya Kenya nayo ina hisa yake katika kazi ile.

Lakini nilichotaka kuwaambia ni hiki. Jina alilopewa alipozaliwa halikuwa Siti. Lilikuwa Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye heshima, ni jina lililokuja baadaye, baada ya kazi na jasho. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Katikati ya historia hiyo mtu mmoja alitoka kwenye jina Mtumwa, na mwaka 1928 jina lake jipya likachapwa kwenye lebo ya santuri na kuuzwa pwani nzima. Halafu sisi, na kompyuta zetu zote hizi, tunamwita Track 03?

Nikaanza kuchunguza jina linapotelea wapi. Jibu moja limo ndani ya faili yenyewe. Mwaka 1996 mtaalamu mmoja, Eric Kemp, alibuni njia nyepesi ya kuweka maelezo kwenye faili za MP3. Ni baiti 128 tu zinazobandikwa mwishoni: 3 za alama ya kuanzia, 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maoni, na 1 ya aina ya muziki. Ni kazi safi ya kipindi kile, na simu nyingi bado zinaisoma.

Sasa mjaribu kumwingiza Siti humo. Nafasi ya msanii ni baiti 30. "Siti binti Saad na Mbaruk" inakula 25. Zinabaki 5. Mpiga udi mwingine wa kundi lile, Subeti, jina lake lina herufi 6. Ameshaachwa bandarini.

Halafu ile baiti moja ya aina ya muziki. Orodha ya kwanza ilikuwa na aina 80, kuanzia namba 0 hadi 79. Namba 0 ni blues. Namba 2 ni country. Namba 16 ni reggae. Taarab haimo. Anayetaka kumpanga Siti atumie namba 12, ambayo maana yake ni "nyinginezo".

Mfananishe na mwenziwe wa ng'ambo. Oktoba ya mwaka huo huo wa 1928, mjini Nashville, Marekani, kampuni ya Victor ilimrekodi DeFord Bailey, mpiga kinanda cha mdomo. Victor na HMV zilitumia picha ile ile kwenye lebo, mbwa anayesikiliza gramafoni. Bailey naye alikuwa mtu mweusi ambaye babu yake alizaliwa utumwani. Mwaka 1927 alikuwa ameshatoa Pan American Blues, ambamo kile kinanda kidogo kinaiga treni mpaka unasikia magurudumu. Redio iliyompa umaarufu ilimwacha mwaka 1941, akaishi kwa kung'arisha viatu. Alifariki mwaka 1982, na mwaka 2005 jina lake likaingizwa katika jumba la heshima la muziki wa country. Kwenye orodha yetu ya baiti moja, Bailey ana namba mbili za kuchagua, 0 na 2. Siti hana hata moja.

Simlaumu aliyetengeneza orodha. Kila mmoja huandika anachokijua. Somo kwetu wasanifu wa programu ni kwamba orodha ukiifunga, umeshaamua nani yumo na nani ni "nyinginezo", kabla hata hajafika mlangoni.

Somo la pili ni gumu zaidi. Wengi wetu tukitengeneza hifadhidata tunalichukulia jina kama kitu kisichobadilika, tena wengine wanalifanya ndilo kitambulisho. Kwa Siti mpango huo ungemfungia kwenye Mtumwa maisha yake yote. Kitambulisho kiwe namba isiyo na maana yoyote. Jina liwe ni lile mwenyewe alilolivaa, na majina ya zamani yakae pembeni kama historia.

Hapa kwetu kuna pango ambalo ndilo lililokipa kijiji jina. Masimulizi ya wazee wetu yanasema watu walifungiwa humo wakingoja majahazi ya kuwapeleka kuuzwa. Wageni huja, wakaingia na tochi, wakatoka kimya. Ukiuliza ni akina nani waliopitia humo, hakuna wa kukutajia jina. Mimi nikipita pale huwaza kwamba mtu kupotea kabisa si lazima afe. Inatosha asiandikwe. Siti aliponea hapo kwa sababu aliandikwa, na yeye mwenyewe alikuwa mwandishi wa wengine kwa sauti yake. Wimbo wake wa "Kijiti" unahusu mtu aliyeua mwanamke kisha akatoroka. Kijiti aliukimbia mkono wa sheria, lakini jina lake linatajwa mpaka leo.

Basi nimejiwekea utaratibu, na nawaomba muuige.

Kwanza, kabla ya kugusa sauti, piga picha lebo za pande zote mbili za santuri, na maandishi yote ya kaseti. Nakili pia namba iliyochorwa kwenye santuri karibu na lebo, maana hiyo inasaidia kuitambua siku lebo ikibanduka.

Pili, hifadhi faili ghafi bila kuisafisha, kisha safisha nakala. Programu za kuondoa mikwaruzo hukata sauti za juu, na herufi "s" na "sh" zinakaa huko huko juu. Angalia pia kasi. Santuri ya 78 ukiizungusha mara 82, sauti inapanda karibu nusu toni na mwimbaji anakuwa mtu mwingine.

Tatu, tumia toleo la pili la maelezo ya MP3, lililotoka mwaka 1998. Halina ukomo wa baiti 30, na aina ya muziki unaweza kuiandika kwa maneno yako. Andika taarab. Andika na wapigaji wote unaowajua.

Nne, mahali pasipojulikana usiache tupu. Andika "haijulikani", kisha andika ni nani alikupa faili na alikwambia nini. Tupu maana yake hakuna aliyeuliza. "Haijulikani" maana yake tuliuliza, na anayejua anakaribishwa.

Kadi ya yule bibi ilikuwa na faili 41. Tulikaa barazani kwake jioni tatu, yeye akisikiliza, mimi nikiandika. Alizitambua 26. Nyingine alizitambua kwa sauti ya fidla kabla mwimbaji hajafungua mdomo, mambo ambayo hakuna programu yangu inayoweza kuyafanya. Zile 15 zilizobaki nimeziandika "haijulikani", na anasema atamwita dadake kutoka Vanga azisikilize.

Kama nyumbani kwenu yuko mzee wa aina hiyo na kuna kadi au kaseti isiyo na majina, kaa naye wiki hii, usingoje ya mbele. Chukua kalamu, kompyuta itafuata.

Wasalaam, kutoka Shimoni.