Kutafuta kwa Masikio Chini ya Bahari

Ndugu msomaji, wewe unayeishi karibu na mashimo unajua jambo moja ambalo watu wa miji mingine hawalijui sana. Mtu anatoka nyumbani asubuhi, anashuka chini, na jioni watu wa nyumba yake wanabaki wakitazama mlango. Leo nakuandikia juu ya watu wa mbali, watu wa inchi ya Argentina. Wao walipata shida ile si katika udongo, ni katika bahari.

Tarehe 15 Novemba 2017, nyambizi ya jeshi la Argentina, jina lake ARA San Juan, ilikuwa ikitoka Ushuaia, kule mwisho kabisa wa kusini, kurudi Mar del Plata. Nyambizi ni masua ya chuma iliyofungwa pande zote, inayotembea chini ya maji. Ndani yake walikuwa watu 44. Mmoja alikuwa mwanamke, Eliana Krawczyk, wa kwanza katika inchi ile kuwa ofisa wa nyambizi. Siku ile sauti yao ikakatika. Masua na ndege za inchi nyingi zikaja kutafuta. Tarehe 30 ya mwezi uleule jeshi likasema kwamba halitafuti tena watu wazima, linatafuta masua tu.

Wengine watasema: kama wamekufa, juu ya nini kupoteza feza nyingi? Neno hilo nimelisikia hata hapa kwetu, na mimi silipendi. Katika mtaa wetu kuna mama mmoja ambaye bwana yake alifunikwa na udongo, na hawakumtoa. Nilikuwa kwenye kilio chake, kilio bila sanduku, bila kaburi. Miaka imepita, na akisikia mtu kupiga hodi usiku, anaamka mbio. Shemeji zake walimwambia avue nguo nyeusi. Akanigeukia mimi: “Baba Mchungaji, nitavua namna gani? Wanionyeshe kwanza fasi anapolala.”

Jamaa za wale 44 walisema vilevile. Katika mwaka wa 2018 walilala inje, wiki na wiki, kwenye uwanja ulio mbele ya nyumba ya Leta pale Buenos Aires, mpaka Leta ikakubali kuita kompani ya kutafuta, jina lake Ocean Infinity. Mapatano yalikuwa hivi: mukiona masua, tunalipa dola milioni 7 na nusu, musipoiona, hatulipi kitu. (Mapatano ya namna ile, mimi ningependa kuyaona hata katika kazi zingine.)

Sasa, vijana, sikieni vizuri, maana munapenda kuuliza mambo ya mashini. Chini kule ni giza tupu. Taa haiendi mbali ndani ya maji, na mawimbi ya radio vilevile. Lakini sauti inaenda vizuri, tena mbio kuliko hewani: karibu mita 1,500 kwa sekunde moja. Basi wanatumia chombo kinachoitwa sona. Kinapiga sauti, halafu kinanyamaza na kusikiliza mwangwi, sawa na vile wewe unavyopiga kelele ndani ya galeri na ukuta unakurudishia. Kama mwangwi umekawia, ukuta ni mbali. Kama umerudi upesi, ni karibu.

Kompani ile ilikuwa na mashini tano zinazojiendesha zenyewe, bila mtu ndani, bila kamba. Zinashuka mpaka karibu na sakafu ya bahari, zinaenda na kurudi kama mtu anayelima matuta, na kutupa sauti kuume na kushoto. Matope laini yanarudisha sauti kidogo. Chuma kinarudisha kwa nguvu, na nyuma yake kinaacha kivuli. Mustari kwa mustari, picha inatokea. Lakini jiwe kubwa nalo linarudisha sauti! Ndiyo maana kila kitu cha mashaka kinapaswa kutazamwa tena na kamera. Na fasi ile ina mabonde makali, mwangwi unachanganyika.

Tena huwezi kupima bahari nzima. Lazima ujue pa kuanzia. Walijua fasi ya mwisho waliposikia sauti ya masua. Na tena, vyombo vya kusikia vilivyo baharini karibu na visiwa vya Ascension na Crozet, vilivyowekwa kwa kuchunguza kama mtu anajaribu bomu la atomiki, vilisikia kishindo siku ileile. Wewe unayeshuka shimoni, je, bibi yako anajua ni shimo gani?

Kazi ilianza Septemba 2018. Ndani ya masua ya kompani, Seabed Constructor, waliingia pia watu wanne wa jamaa za wale waliopotea, wakae wenyewe mbele ya picha, wasiambiwe tu. Wakaona alama moja, wakatazama: si yenyewe. Nyingine: si yenyewe. Tarehe 15 Novemba mwaka ukatimia, wakafanya sala na heshima kule Mar del Plata. Masua ilikuwa karibu kuondoka kwenda Afrika ya Kusini kwa kutengenezwa. Walibaki kutazama alama chache tu.

Usiku wa tarehe 16, kamera ikashuka juu ya alama moja, mita 907 chini ya maji. Ilikuwa San Juan, imebonyezwa na uzito wa maji, vipande vyake vimetawanyika kando.

Leta ilisema haina vyombo vya kuiinua. Wengine katika jamaa waliomba iinuliwe hata hivyo. Wengine walisema waachwe walale. Picha zilipelekwa kwa jaji. Na pale Mar del Plata, kwenye ua wa bandari ya jeshi ambapo kwa mwaka mzima watu walikuwa wakifunga bendera na picha za wale 44, bamama walikuja tena asubuhi ile. Safari hii walilia kwa sauti.