Celica ya mstaafu na barabara za Uluguru

Kutoka Msamvu hadi soko la Chifu Kingalu ni lami, na gari la chini halina tabu. Tabu huanza ukipita Boma kuelekea Morningside: mawe, makorongo na utelezi wakati wa masika. Wengi hupanda kwa miguu au bodaboda.

Hapo ndipo mstaafu wa Morogoro mwenye Celica kuukuu uani hupata mtihani. Gari hilo lina heshima yake. Toyota Celica ilishinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1984, 1985 na 1986. Kuliuza ni kama kuuza ujana.

Lakini familia ijiulize: linampeleka wapi sasa? Kwenda Dar es Salaam, tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Juni 2024, si lazima ashike usukani. Shamba la milimani, upande wa Kinole, linataka gari lililoinuka.

Mwili nao una neno lake. Mtoto wa jicho hufanya taa za magari yanayokuja usiku zimwumize dereva macho, na kiti cha chini huchosha magoti yenye maumivu.

Kwa hiyo, baba akikataa kuliuza, msimnyang'anye ufunguo. Mpelekeni kwanza akapime macho. Kisha kaeni naye mpige hesabu ya vipuri vya mwaka mzima. Ikiwa vinakula fedha za dawa, liuzwe. Ikiwa havili, abaki nalo, aliendeshe mchana, hapo mjini.