Nilikuwa Mtu wa Miezi Mitatu

Kwa muda mrefu nilikuwa mtu wa miezi mitatu. Programu yangu ya chati ikifunguka huonyesha miezi mitatu ya mwisho, nami nilitosheka na hiyo. Mstari ukipanda nampigia dalali. Ukishuka, hata chai hainishuki.

Kilichonibadilisha ni kazi niliyopewa na chama chetu: kabla hatujanunua hisa yoyote, nilete historia yake yote. Programu niliyonayo haina bei za soko la Nairobi, kwa hiyo ilibidi nizikusanye mwenyewe na kuziingiza kwa faili: tarehe, bei ya kufungua, ya juu, ya chini, ya kufunga, na idadi ya hisa zilizouzwa. Nilidhani ni kazi ya karani tu.

Tarehe zilianza kunitoa jasho. Programu hufuata desturi ya Wamarekani, wanaotanguliza mwezi. Safaricom ilianza kuuzwa sokoni Jumatatu, 9/6/2008. Chati ikaniandikia tarehe 6 Septemba, ambayo ni Jumamosi, soko limefungwa. Siku zote kuanzia tarehe 13 zilikataliwa kabisa, maana mwezi wa 13 haupo.

Nikaja kwa benki ya Equity. Mapema 2009 bei inaporomoka kwa siku moja na kupoteza sehemu tisa kati ya kumi. Asiyejua atasema benki imefilisika. Kumbe kila hisa iligawanywa kuwa 10: aliyekuwa na 100 akawa na 1,000, na mali yake ni ile ile. Dawa ni kugawa kwa 10 bei zote za kabla ya siku hiyo, na kuzidisha kwa 10 idadi ya hisa zilizouzwa. Programu haiwezi kujua hayo, huchora unachoipa. Tangu hapo, nikiona bei imeanguka ghafla, huuliza kwanza kama ni biashara iliyoharibika au ni hesabu iliyobadilishwa.

Lakini kilichonikalia moyoni ni Safaricom. Serikali iliuza hisa zake kwa shilingi 5. Mapema 2009 bei ilikuwa chini ya 3. Mwaka 2021 ikapita 40, na kufikia mwisho wa 2023 ikawa chini ya 15. Ukichora miaka hiyo yote kwa vipimo vya kawaida, shilingi kwa shilingi, mwanguko wa mwanzo hauonekani. Ni kama kikunjo kidogo chini ya mlima. Nikabadilisha vipimo vya chati, ili kutoka 5 hadi 10 kuwe na urefu sawa na kutoka 20 hadi 40. Bonde likajitokeza. Mtu aliyenunua mwanzoni alikuwa amepoteza zaidi ya theluthi moja ya fedha zake, na wengi walikuwa wananunua hisa kwa mara ya kwanza maishani. Nawajua waliouza wakati huo na kuapa kutorudi. Zamani niliwaona waoga. Sasa, nikilitazama bonde lile kwa urefu wake halisi, siwacheki.

Kisha kuna wasiokuwepo. Orodha ya hisa zinazouzwa leo haina Mumias wala ARM Cement, kampuni zilizoanguka, na atakayepakia orodha hiyo pekee ataamini kwamba kila kampuni ya Nairobi, ukiivumilia, hupona. Niliwarudisha kwa mkono, hadi siku yao ya mwisho sokoni.

Kenya Airways ilinifunza jingine. Uuzaji wa hisa zake ulisimamishwa Julai 2020, ukarejea Januari 2025. Programu huruka siku zisizo na biashara, hivyo ilishikanisha siku ya mwisho na siku ya kurudi kana kwamba ulipita usiku mmoja. Zaidi ya miaka minne ambayo mwenye hisa hakuweza kuziuza sokoni, imefutika! Nilijaza siku hizo tupu moja baada ya nyingine ili pengo lionekane.

Chati hiyo niliipeleka kwenye mkutano. Mweka hazina wetu, mama asiyependa hadithi ndefu, aliliangalia pengo kisha akauliza, "Na karo ya Januari?" Tulikubaliana siku hiyo hiyo kwamba fedha za karo zibaki benki, na za hisa ziwe zile ambazo hakuna mtu atakayezidai kwa miaka mitano.