London ya Mjomba

Mjomba wangu hakuwahi kuvuka bahari. Safari yake ndefu kabisa ilikuwa ya Nairobi, kwa treni ya usiku, kwenda na kurudi. Lakini jioni, tukikaa naye chini ya mwarobaini pale Mariakani, malori yakiunguruma kwenye foleni ya mizani, alitutembeza London kichochoro kwa kichochoro. Kitabu chake kilikuwa Great Expectations cha Charles Dickens, riwaya iliyotoka gazetini kipande kwa kipande kati ya 1860 na 1861. Alisoma sentensi kwa Kiingereza, akanyamaza kidogo, akatutolea kwa Kiswahili, na palipouma akaingia Kigiriama.

Ukungu uliotanda katika riwaya ile hatukuujua. Alituambia tukumbuke alfajiri, moshi wa tanuri la makaa unapolala bondeni kabla upepo haujaamka. Tukauona. Kisha kijana Pip akafika London, mji aliousikia kwa sifa, akakuta njia nyembamba zenye uchafu na soko la Smithfield lililojaa mafuta na damu, hata akahisi vinamganda mwilini. Akakata kona kulikimbia, akaliona kuba jeusi la Kanisa la Mtakatifu Paulo likimtazama kutoka nyuma ya gereza la Newgate. Mjomba aliuzuia ukurasa huo kwa kidole, akageukia barabara. "Mjomba," akaniambia, maana kwetu jina hilo hutumika pande zote mbili, "ukisifiwa mji, uliza kwanza machinjio yake yako wapi."

Alifariki kabla ya 2021, mwaka ambao Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar alitunukiwa Nobeli ya Fasihi. Kwa hiyo Gravel Heart, riwaya ya Gurnah ya 2017, niliisoma peke yangu. Humo Salim anatoka Zanzibar kwenda London kwa mjomba wake, na mamake anafia nyumbani yeye akiwa bado ugenini. Nilipofika hapo niliinua kichwa nimweleze mtu, na mtu mwenyewe ndiye aliyekuwa hayupo. Nimejaribu tangu hapo kuisoma London ya Pip kwa sauti yangu. Majina ya mitaa ninayatamka sawasawa kuliko alivyoyatamka yeye, lakini harufu ya makaa imetoweka.

Mjomba hakuwa wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, hivyo hakuchongewa kigango, nguzo ya mbao ya kumkumbuka marehemu. Kaburi lake liko karibu na mwembe, halina jiwe wala maandishi. Riwaya ile nayo inaanzia makaburini: Pip, yatima, anatazama jiwe la wazazi ambao hakuwahi kuwaona, na kwa umbo la herufi tu anakisia sura zao. Utotoni niliona ni mawazo ya kitoto, Mjomba akanikatalia, akaturudilia ukurasa huo mara mbili.

Sasa kitabu kiko kwangu. Mchwa wamekula jalada, ila pembeni mwa kurasa imebaki penseli yake: neno la Kiswahili, mara alama ya kuuliza, mara tarehe. Herufi g yake ina mkia mrefu unaoshuka hadi mstari wa chini, na huo mkia naujua kama ninavyoujua mwendo wake. Pale ukungu unapotajwa mara ya kwanza ameandika "moshi", akaufuta, akauandika tena.