Tuyapime Masomo ya Kompyuta Kabla ya Kuyanunua

Mvuvi wa Muhuta hanunui wavu kwa kusikia sifa zake. Huukunjua, akayakagua matundu, akazivuta nyuzi, ndipo atiapo mkono mfukoni. Sisi walimu tuletewapo masomo ya kompyuta twatakiwa tuwe na hadhari iyo hiyo, kwani fedha tutakazotoa ni michango ya wazazi waishio kwa samaki na mawese. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kimepata nafasi katika mitaala ya shule zetu. Mjini Rumonge hakikuwa mgeni, kwa kuwa biashara ya ziwani ilikwisha kukileta. Lakini vilimani Muhuta mtoto huamka na Kirundi na kulala nacho. Kwa hiyo swali letu la kwanza kwa muuzaji na liwe hili: somo hili limetungwa kwa ajili ya nani?

Duolingo ilipofungua somo lake la Kiswahili mwaka 2017, ililitunga kwa wajuao Kiingereza. Hatuilaumu, kwani ilikusudia wanafunzi wengine. Mwanafunzi wetu hahitaji kufundishwa kwamba nyama ni nyama. Neno hilo analo tangu utotoni. Anahitaji kuonywa kwamba umuti wa Kirundi ni dawa, ilhali mti wa Kiswahili huota shambani. Kwamba ejo moja ya Kirundi imebeba jana na kesho pamoja. Aidha, anahitaji sikio la kutenga kula na kura. Somo lisilo na sauti safi ya msemaji halitamfaa.

Jaribio la pili ni kukosea kwa makusudi. Tuandike "kitabu kubwa", kisha tutazame. Programu ikitoa alama nyekundu tu, imehukumu bila kufundisha. Ikieleza kwamba kitabu hudai kivumishi kilichovaa ki-, hapo imefanya kazi ya mwalimu.

La tatu, tukate mtandao mbele ya muuzaji. Shule nyingi za mwambao hazina umeme wa kutegemea, sembuse intaneti. Ziko programu, kama vile Kolibri, zilizoundwa makusudi zitumike pasipo mtandao. Hivyo, muuzaji asituambie kwamba jambo hilo haliwezekani.

La nne ni umri wa kitu chenyewe. Masomo mengi yalitungwa kwa Flash, na kampuni ya Adobe ilipoacha kuitunza mwishoni mwa mwaka 2020, yalizimika pamoja nayo. Tuulize basi: kazi tutakayoitunga katika programu hii yaweza kuhamishwa kwingine? Yafuata kanuni inayojulikana na wengi, kama SCORM? Mwalimu aweza kusahihisha sentensi iliyokosewa, au ni lazima amngojee mwenye mali?

Bei nayo ina mafumbo yake. Leseni inayolipiwa kila mwaka kwa kila mwanafunzi huonekana nyepesi mwaka wa kwanza, ikawa mzigo mwaka wa tatu. Hata cha bure kina gharama. Moodle, iliyotolewa mwaka 2002, hailipiwi leseni, lakini yahitaji kompyuta ya kuihifadhi na mtu wa kuitunza.

Wako wenzetu watakaosema kwamba ukaguzi wa namna hii unachelewesha maendeleo. Twawajibu kwamba kuuziwa mbuzi kwenye gunia huchelewesha zaidi, maana mzazi aliyechanga mara moja akaona kompyuta zimefunikwa vumbi hatachanga tena.

Tunapendekeza, basi, kila shule iombe majuma mawili ya majaribio, iwape wanafunzi watano wa viwango mbalimbali, muuzaji akiwa mbali. Mwishoni wasiulizwe kama wamefurahi. Waandikishwe habari fupi kwa Kiswahili, nasi tuilinganishe na ile waliyoiandika kabla ya kuanza. Kama hakuna tofauti, tumshukuru mgeni wetu na kumsindikiza. Ubao na chaki vingalipo, na mwalimu yupo.